UZI: Kampuni ya Marconi ilivyoanza kuuza simu ya upepo, toka darini hadi Titanic

MlingotiMrefu

Wakuu, habari za usiku.

Uzi huu nimekuwa nikiuahidi tangu mfungo uliopita, leo nimepata nafasi. Mimi ni fundi wa redio za vyombo vya baharini hapa Tanga. Nazifungua, nazitoa chumvi, nabadilisha nyaya za antena zilizoliwa na kutu, naziwasha tena. Nilipokuwa na miaka 19 tulitoka Pemba na boti ya mizigo, kusi imeshika, injini ikazima hatuoni nchi upande wowote. Nahodha akachukua redio, akaita chaneli 16, ile ya wito wa hatari. Kimya. Akaita tena. Mara ya tatu sauti ya mtu tusiyemjua ikajibu kwamba anatusikia, tutaje tulipo. Mpaka leo nauona mkono wa nahodha ulivyokuwa ukitetemeka na kile kipaza sauti. Tangu siku ile nikataka kujua nani alikuwa wa kwanza kuweka mtu upande wa pili, kazi yake kusikiliza tu.

Kutafuta jibu kulinipeleka kwenye kampuni moja ya London ya mwaka 1897.

Kwanza neno lenyewe. Wazee wetu walipoiita telegrafu "simu" walichukua neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Kumpigia mtu simu kulikuwa kumpelekea habari kwa waya. Ilipokuja ile isiyohitaji waya, ikaitwa simu ya upepo. Naipenda sana lugha hii kwa jambo hilo: Waingereza waliipa jina la kitu kilichokosekana, "wireless", yaani bila waya, sisi tukaipa jina la njia inayopitia.

Guglielmo Marconi alizaliwa Bologna, Italia, tarehe 25 Aprili 1874. Baba alikuwa na mashamba. Mama, Annie Jameson, alitoka Ireland, ukoo wa watengenezaji wa wiski ya Jameson. Mshikeni huyu mama, bila yeye hakuna kampuni.

Mjerumani Heinrich Hertz alishaonyesha miaka ya 1880 kwamba cheche ya umeme inatoa mawimbi yasiyoonekana. Alifariki Januari 1894, na kijana Marconi akaanza kuyachezea mawimbi hayo kwenye dari la nyumba yao, Villa Griffone, Pontecchio. Sehemu kubwa ya vifaa vyake vilikuwa kazi za wengine. Chake yeye kilikuwa ukaidi wa kujaribu. Alipoinua waya mmoja juu hewani na mwingine akauzika ardhini, masafa yakaongezeka ghafla. Mwaka 1895 kaka yake Alfonso alipelekwa nyuma ya kilima na kipokezi na bunduki. Ishara ikifika, apige risasi hewani. Risasi ikasikika.

Nawaeleza hicho kipokezi, maana nimewahi kukiunda. Kinaitwa kohera. Ni kijibomba cha kioo, kifupi kuliko kidole, chenye vizibo viwili vya chuma vilivyokaribiana, na katikati yake unga wa chuma. Marconi alitumia nikeli nyingi na fedha kidogo. Unga ule ukilala hivi hivi, umeme haupiti vizuri. Wimbi likipita, chembe zinashikana, umeme unapita, kengele inalia. Tatizo ni kwamba zikishashikana haziachani, kwa hiyo kuna kinyundo kidogo cha kukigonga kioo zitawanyike zisubiri ishara nyingine. Mimi nilisugua sarafu ya zamani kwa tupa, nikatia unga wake kwenye kipande cha mrija, nikaunga betri na kitaa kidogo. Nikabofya kiberiti cha jiko la gesi, kile cha cheche, mita mbili toka pale. Taa ikawaka. Nikagusa mrija kwa kalamu, ikazima. Nilirudia jioni nzima.

Naendelea, nisubirini.

BintiPangani

Naweka kambi hapa. Kaka, usituache njiani kama ule uzi wa reli.

MlingotiMrefu

Dada siwaachi.

Februari 1896 mama akamchukua kijana, miaka 21, wakaenda London. Mpwa wa mama, Henry Jameson Davis, alikuwa mhandisi pale na alijua watu. Tarehe 2 Juni 1896 Marconi akaomba hataza, yaani haki ya uvumbuzi, nayo ikapewa namba 12039. Kisha akapelekwa kwa William Preece, mhandisi mkuu wa Posta ya Uingereza.

Preece alimpokea vizuri mno. Alimpa mafundi, mmoja wao George Kemp, aliyekuja kuwa mkono wake wa kulia. Wakafanya majaribio juu ya paa la Posta Kuu, kisha kwenye tambarare ya Salisbury. Desemba mwaka ule Preece alihutubia watu kwenye ukumbi wa Toynbee Hall, na Marconi akawa anazunguka na kisanduku mkononi. Kila Preece akibonyeza swichi jukwaani, kengele ndani ya kisanduku inalia, popote alipo yule kijana ukumbini. Mei 1897 wakavusha ujumbe juu ya maji, toka kisiwa cha Flat Holm hadi Lavernock Point, pwani ya Wales.

Preece alidhani kitu hiki kitakuwa mali ya Posta. Ndugu wa upande wa mama walishakaa na hesabu nyingine. Tarehe 20 Julai 1897 kampuni ikaandikishwa: Wireless Telegraph and Signal Company, mtaji pauni 100,000 kwa hisa za pauni moja moja. Marconi alipata hisa 60,000 na pauni 15,000 taslimu kwa hataza zake, na gharama za kuanzisha kampuni zilitoka humo. Jameson Davis akawa mkurugenzi mtendaji wa kwanza. Marconi alikuwa na miaka 23. Jina lake aliwekewa baadaye: mwaka 1900 ndipo ikawa Marconi's Wireless Telegraph Company.

Preece aliumia. Mimi namhurumia, alikuwa amembeba kijana kwa moyo safi.

FundiCheche

Mkuu heshima yako, lakini hapa tusiwadanganye vijana. Redio aligundua Tesla, na Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema hivyo 1943. Na ile kohera ya zebaki ya Jagadish Chandra Bose wa Kolkata mbona huitaji?

MlingotiMrefu

Mkuu FundiCheche, hoja yako ina uzito, ila tuisome ile hukumu ilivyo. Iliyodai ni kampuni ya Marconi ya Marekani, ikiidai serikali fidia ya hataza zilizotumika. Mahakama Juni 1943 ilibatilisha sehemu kubwa ya hataza moja ya kuchagua masafa (hapa ni marudio ya mawimbi, siyo umbali), kwa sababu Oliver Lodge, Tesla na John Stone Stone walishatangulia kwenye jambo hilo. Haikutamka kwamba fulani ndiye mgunduzi wa redio. Marconi mwenyewe alishafariki 1937.

Kuhusu Bose uko sahihi. Alionyesha kohera ya chuma na zebaki London mwaka 1899, na kipokezi alichotumia Marconi mwaka 1901 kilikuwa cha ukoo huohuo, yeye akikiita cha jeshi la majini la Italia. Bose anastahili kutajwa kila historia hii inaposimuliwa, nakushukuru kwa kumleta.

Ila uzi wangu ni wa kampuni. Wenye maarifa walikuwa wengi. Aliyeyageuza kuwa huduma ambayo mwenye meli anaweza kuilipia ni huyu.

Na mwanzoni hakuna aliyelipa. Walijenga kituo hotelini Needles, kisiwa cha Wight, mwishoni mwa 1897. Juni 1898 alikuja kutembea Lord Kelvin, mwanasayansi mkubwa wa zama zile. Akatuma salamu kwa marafiki, na akashikilia kulipa shilingi kwa kila ujumbe, ingawa kisheria kampuni haikuruhusiwa kutoza. Hiyo ndiyo fedha ya kwanza ya simu ya upepo. Mwaka uleule wakafungua kiwanda Chelmsford, ndani ya jengo lililokuwa la hariri.

Desemba 1898 waliweka redio kwenye meli-taa ya East Goodwin, ile inayotiwa nanga kwenye mchanga hatari kuonya wengine, ikizungumza na mnara wa South Foreland. Aprili 1899, kwenye ukungu, meli R. F. Matthews ikaigonga meli-taa yenyewe. Wakaita nchi kavu waletewe msaada. Nikisoma kisa hicho naiona boti yetu ya mizigo.

Kusi_na_Kaskazi

Swali, mkuu. Kama hawakuruhusiwa kutoza, walikula nini?

MlingotiMrefu

Hapo ndipo penye utamu wa historia hii, nitakaa hapo kidogo.

Sheria ya Uingereza iliipa Posta peke yake haki ya kupeleka telegramu kwa malipo nchini. Lakini kampuni inayozungumza na watu wake yenyewe haikuguswa. Kwa hiyo Aprili 1900 wakaanzisha kampuni dada ya baharini, Marconi International Marine Communication Company, na wakaacha kabisa kuwauzia mitambo wenye meli. Waliikodisha, na mtu wa kuiendesha juu yake. Kijana anayegonga kitufe cha Morse, zile herufi za nukta na mistari, ndani ya meli alikuwa mwajiriwa wa Marconi, na anayepokea pwani naye wa Marconi. Kwenye karatasi ni kampuni inaongea na nafsi yake. Mwenye meli analipia kukodi.

Sheria iliyowabana ndiyo iliyowapa biashara bora kuliko ile waliyoikusudia. Fikiria thamani yake: mtambo mmoja peke yake ni chuma tu. Unakuwa na maana pale penye mwingine unaosikiliza. Wao hawakukodisha mtambo, walikodisha mlolongo mzima wa masikio toka pwani hadi pwani. Jeshi la majini la Uingereza lilichukua mitambo 32 mwaka 1900. Lloyd's, wenye bima za meli, wakafunga nao mkataba wa miaka 14 mwaka 1901.

Sasa lile ambalo silipendi. Vijana wa Marconi waliamriwa wasijibizane na meli yenye mtambo wa kampuni nyingine, isipokuwa kwenye hatari. Kampuni ilisema imegharamia vituo, kwa nini wapinzani wavitumie bure? Kibiashara naelewa. Baharini sielewi. Mtu anakuita unamsikia, unanyamaza kwa sababu chombo chake hakikutoka kiwandani kwako.

Mwaka 1902 Mwanamfalme Heinrich, ndugu wa mfalme wa Ujerumani, alikuwa akirudi toka Marekani kwa meli Deutschland yenye mtambo wa Kijerumani, na vituo vya Marconi havikumjibu. Ujerumani ikaja juu. Mwaka uliofuata ikaunganisha makampuni yake kuwa Telefunken, na ikaita mataifa Berlin, 1903 kisha 1906. Mkutano wa 1906 ukaamua vituo vya pwani na meli vijibizane bila kuangalia mtambo ni wa nani, na ukapitisha SOS kuwa wito wa hatari. Kabla ya hapo vijana wa Marconi walikuwa na wito wao, CQD, tangu 1904.

NahodhaMstaafu

Kijana wangu, nimekaa kwenye meli za mizigo miaka mingi, na nakumbuka zamani za afisa redio mwenye chumba chake. Yule alikuwa mtu wa pekee melini, nahodha hamwamrishi kama anavyoamrisha baharia. Leo nimejua kwa nini. Mwajiri wake wa asili alikuwa nchi kavu. Endelea.

MlingotiMrefu

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru kwa hilo, sikulifikiria hivyo.

Tuvuke Atlantiki. Wataalamu wengi walisema mawimbi yanakwenda mstari ulionyooka, na dunia ni duara, kwa hiyo mbali sana yatatokomea angani. Marconi aliona masafa yanazidi kila akiongeza nguvu, akaamua kulazimisha. Wakajenga kituo Poldhu, Cornwall, mtambo ukisanifiwa na Profesa Ambrose Fleming: milingoti 20 kwenye duara, kila mmoja futi 200. Tarehe 17 Septemba 1901 dhoruba ikailaza yote. Ile ya Cape Cod, Marekani, ikaanguka Novemba. Fedha ya wenye hisa imelala chini pande zote mbili za bahari.

Hakungoja. Poldhu wakasimamisha milingoti miwili na nyaya zilizotandazwa mfano wa upepeo. Yeye, Kemp na msaidizi Paget wakachukua maputo na vishada, wakapanda meli kwenda Newfoundland, ng'ambo ya Atlantiki, kilima cha Signal Hill, St John's. Desemba, baridi na upepo wa kung'oa. Puto likaenda na upepo. Kishada cha kwanza nacho kikakatika. Cha pili kikapanda, kikining'iniza waya wa futi 500, kikiyumba juu chini, nao chumbani, sikio kwenye kipokezi. Poldhu walikuwa wakigonga S, nukta tatu, saa tatu mfululizo kila siku. Nukta tupu kwa sababu mtambo ungepata shida kushikilia mstari.

Tarehe 12 Desemba 1901, saa sita u nusu mchana, Marconi akasikia. Akampa Kemp kifaa cha sikioni, akamuuliza kama anasikia chochote. Kemp naye akasema anasikia.

FundiCheche

Hapo nina shaka ya kitaalamu. Mchana kweupe, mawimbi ya marudio ya chini kiasi kile, kilomita karibu 3,500, kohera. Tabaka la anga la mchana linameza mawimbi ya namna ile. Mashahidi ni wawili, wote wa kampuni, na hakuna karatasi. Mimi naona walisikia radi.

MlingotiMrefu

Shaka yako wengi wanayo, na fizikia iko upande wako. Sitakuapia.

Ninachokishika ni alichofanya baada ya hapo, maana yeye mwenyewe alijua neno lake halitoshi. Februari 1902 alipanda meli Philadelphia toka Uingereza, akaweka mashine ya kuandika ishara kwenye utepe wa karatasi, na nahodha akatia saini. Usiku ujumbe kamili ulifika maili 1,550, na herufi S ikaandikika hadi maili 2,099. Mchana vyote vikakoma kwenye maili 700. Karatasi ileile iliyothibitisha masafa ya usiku ikatia shaka mchana wa Signal Hill, na ndivyo tofauti ya usiku na mchana ilivyojulikana. Anayesikiliza redio ya masafa ya kati anaijua: stesheni ya mbali inaingia jua likizama.

Siku chache baada ya habari ya Newfoundland, kampuni ya kebo iliyokuwa na ukiritimba pale, Anglo-American Telegraph, ilimwandikia aondoe vifaa vyake la sivyo atashtakiwa. Kanada ikampa makazi na fedha, akajenga Glace Bay.

Na hapa inaingia pwani yetu. Aliyeogopa kuliko wote ni Eastern Telegraph, wenye kebo za chini ya bahari. Kundi hilohilo ndilo lililoleta kebo Unguja mwaka 1879 ikitoka Aden na kuendelea Msumbiji na Durban. Kituo chao kikuu, Porthcurno, kilikuwa Cornwall, jirani na Poldhu. Wakasimamisha mlingoti pale kumsikiliza Marconi, wakamwajiri Nevil Maskelyne, mfanya kiinimacho aliyeijua redio. Marconi alikuwa akijinadi kwamba kwa hataza yake namba 7777 ya kuchagua masafa, hakuna wa kumwingilia. Juni 1903 Fleming alikuwa akihutubia Royal Institution, London, kabla ya ujumbe wa Marconi kuingia. Mtambo ukaanza kugonga neno moja tena na tena: panya, panya, panya. Kisha ubeti wa kumdhihaki Marconi. Alikuwa Maskelyne, na mtambo wake karibu na pale.

Fleming alikasirika akaandika gazetini. Maskelyne akajibu kwamba ameonyesha ukweli ambao umma una haki ya kuujua. Nami nasema alikuwa sahihi. Mawimbi hayana mlango.

BintiPangani

Na Titanic, kaka? Mbona unakimbia?

MlingotiMrefu

Sikimbii dada, naipa nafasi yake.

Huduma ya kibiashara kuvuka Atlantiki, Clifden, Ireland, hadi Glace Bay, ilifunguliwa Oktoba 1907. Wenye hisa walikaa zaidi ya miaka kumi bila gawio. Januari 1909 meli Republic iligongwa kwenye ukungu, na Jack Binns akakaa kwenye kitufe chake akigonga CQD gizani, karibu abiria wote wakaokolewa. Mwaka huo Marconi alipata Tuzo ya Nobeli pamoja na Karl Ferdinand Braun.

Titanic ilikuwa na vijana wawili wa Marconi: Jack Phillips, aliyekuwa ametimiza miaka 25 siku chache tu kabla, na Harold Bride, 22. Mtambo uliwaharibikia, wakautengeneza usiku, na jioni ya 14 Aprili 1912 kulikuwa na lundo la telegramu za abiria za kwenda Cape Race, kituo cha pwani ya Newfoundland. Hizo ndizo zilizoleta fedha. Meli Californian, iliyokuwa karibu, iliwaambia imesimama kwa sababu ya barafu. Ishara yake ilimpasua Phillips masikio kwa ukaribu, akaijibu inyamaze, ana kazi na Cape Race. Cyril Evans wa Californian, naye mtu wa Marconi na peke yake zamu zote, baadaye akazima mtambo akalala.

Titanic ikagonga barafu saa sita kasoro dakika ishirini usiku. Phillips akaita CQD, kisha na SOS. Kati ya waliomsikia alikuwa Harold Cottam wa meli Carpathia, ambaye alikuwa akijiandaa kulala na kifaa kikiwa bado sikioni. Carpathia ikachukua watu zaidi ya 700. Phillips aliendelea kugonga hata baada ya nahodha kuwaachilia. Hakupona.

Nimemfikiria sana Evans. Hakukosea, zamu yake ilikwisha. Kampuni ilikuwa imejaza bahari masikio, lakini kila sikio lilikuwa la mtu mmoja anayehitaji usingizi. Mkataba wa usalama baharini wa 1914 ulianza kudai usikilizaji wa mfululizo kwa meli kubwa.

NahodhaMstaafu

Na huku kwetu Marconi alifika lini?

MlingotiMrefu

Mzee, alikaribia. Mwaka 1912 serikali ya Uingereza ilitia saini na kampuni mkataba wa mnyororo wa vituo vya dola yake: Uingereza, Misri, Afrika Mashariki ya Waingereza, Afrika Kusini, India na Singapore. Cha kwetu kilipangwa Nairobi. Kisha likaibuka sakata bungeni la mawaziri walionunua hisa za kampuni ya Marconi ya Marekani, mkurugenzi Godfrey Isaacs akiwa ndugu wa mwanasheria mkuu wa serikali. Mambo yakachelewa, na vita vikaanza kabla mnyororo haujaungwa.

Dar es Salaam Wajerumani walikuwa na mnara wao wa redio. Tarehe 8 Agosti 1914, siku chache tu vita vimeanza, manowari ya Waingereza Astraea ilisogea pwani na kuelekeza mizinga mjini. Shabaha ilikuwa ule mlingoti.

BintiPangani

Na wale wa kebo ya Unguja na Marconi, waliishia kupatana?

MlingotiMrefu

Walioana, dada. Mwaka 1929 simu za upepo za Marconi na kebo za Eastern ziliunganishwa chini ya kampuni moja, na 1934 ikaitwa Cable and Wireless. Waya na upepo kwenye ankara moja.

Kesho nitaweka picha za kohera ya sarafu. Anayetaka kuunda, atafute tupa laini, siyo ya mabati.